Atakuja au Hatakuja? Tuhakiki Namna Tunavyofundisha Kusikiliza

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi dogo la kusikiliza. Tulirekodi taarifa fupi ya kubuni kuhusu mkutano wa wazazi katika shule moja ya wilayani. Katikati ya taarifa hiyo ilikuwamo sentensi hii: "Mwalimu mkuu amesema hatapandisha karo mwaka ujao." Kisha tukauliza maswali matano. Swali la nne lilitaka kujua mwalimu mkuu ameahidi nini kuhusu karo. Wanafunzi wengi kuliko tulivyotarajia waliandika kwamba karo itapanda. Baadhi yao wakaongeza, kwa hiari yao wenyewe, kwamba wazazi waliondoka mkutanoni wakiwa na hasira. Hasira hiyo haikuwamo katika taarifa. Waliizaa wao kutokana na kosa la kwanza.

Mwanzoni tulicheka, kisha tukaweka mikwaju ya wino mwekundu, tukaendelea na somo lingine. Ni baadaye tu, tulipokuwa tukinywa chai na kulizungumza jambo lile, tulipoona kwamba mikwaju ile ilistahili kuwekwa kwenye kazi yetu sisi walimu. Makala haya ni jaribio la kuhakiki namna tunavyofundisha kusikiliza katika madarasa ya Kiswahili hapa Kampala. Tunaihakiki kama tunavyohakiki riwaya au diwani: imekusudia nini, imefanya nini, na imeshindwa wapi.

Kusikia na kusikiliza

Lugha yetu imetutofautishia mambo haya mawili tangu zamani. Kusikia ni kazi ya sikio. Sauti ikipita, imepita. Kusikiliza kumetokana na kitenzi hicho hicho, lakini kimeongezewa viambishi vinavyokifanya kiwe tendo la mtu aliyekusudia. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda ataona jambo hilo hilo kwao: kuna okuwulira na kuna okuwuliriza. Wala hahitaji kuelezwa tofauti yake, kwa sababu mama yake ameshamwambia mara nyingi kwamba amesikia lakini hakusikiliza.

Juu ya hatua hizo mbili ipo ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi: kusikiliza kwa kupima. Msikilizaji wa namna hii hushika kilichosemwa, halafu hujiuliza kimesemwa na nani, kwa faida ya nani, na kwa ushahidi gani. Wenzetu wa Tanzania wana msemo kwamba akili ya kuambiwa uchanganye na ya kwako. Upo pia usemi unaovuta upande wa pili, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapaswa kuzijua kauli zote mbili, na kujua kwa nini ya pili haimtoshi.

Kipindi chetu kilivyo

Tukitazame kipindi cha kusikiliza kama kinavyoendeshwa katika madarasa mengi, letu likiwa mojawapo. Mwalimu huchagua kifungu kutoka kitabu cha ufahamu. Hukisoma kwa sauti mara mbili, polepole, kwa mwendo wa imla. Kisha huuliza: Nani alikwenda sokoni? Alinunua nini? Alirudi saa ngapi? Wanafunzi huandika majibu, mwalimu husahihisha, na alama huingia kwenye daftari.

Tunaona kasoro nne katika utaratibu huu. Kwanza, kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya macho. Sentensi zake ni kamilifu, hazina kusita, hazina kurudia, hazina "yaani" wala "sijui nisemeje". Hakuna mtu anayezungumza hivyo barabarani. Pili, msemaji ni mwalimu, mtu ambaye mwanafunzi amezoea lafudhi yake na hana sababu ya kumtilia shaka. Tatu, maswali yanatafuta kumbukumbu tu. Mwanafunzi akikumbuka kwamba alinunua nyanya, amefaulu, hata kama hakuelewa kwa nini nyanya zinatajwa. Nne, jibu linatakiwa kwa maandishi, na mwalimu humkata mwanafunzi alama kwa tahajia. Hapo tunadai tunapima sikio, kumbe tunapima mkono.

Mwenzetu mmoja alitupinga kwa hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Alisema: "Wanafunzi hawa bado hawajayashika maneno yenyewe. Mtawafundishaje kupima kile wasichokielewa? Waacheni waelewe kwanza, uhakiki utakuja baadaye." Hoja hii ina mantiki ya ngazi: huwezi kufika juu bila kupanda chini. Lakini inasahau jambo moja. Mwanafunzi huyu si mtoto mchanga wa kusikiliza. Katika lugha ya kwao ni msikilizaji hodari. Akisimama katika soko la Owino, anajua muuzaji anaposema bei ya mwisho kwamba si ya mwisho. Akiletewa olugambo, anajua kuuliza nani aliyeanza kulisema. Ustadi huo anao. Akiingia darasa la Kiswahili huuacha mlangoni, kwa sababu maswali yetu hayajawahi kuuhitaji. Tukisubiri "baadaye", atahitimu akiwa ameuacha huko huko.

Sikio la Kampala

Hata hivyo, mwenzetu ana haki katika jambo moja: kupima huanza na kushika sauti ipasavyo. Hapa ndipo tunapotakiwa kujua sikio la mwanafunzi wetu limelelewa wapi.

Tumezoea kuhangaika na l na r. Katika Kiganda sauti hizi mbili hupokezana: r hutokea baada ya irabu e na i, na l hutokea kwingineko. Kwa hiyo Mganda anayejifunza Kiswahili husema "balabala" kwa barabara na "mbiri" kwa mbili, na kalamu na karamu huweza kumfikia kama neno moja. Walimu hutumia vipindi vizima kulisahihisha jambo hili. Ni vizuri, lakini tukilipima kwa madhara yake, kosa hili mara nyingi halipotoshi maana. Anayesikia kwamba watu wamepanga foleni kupiga "kula" atajua ni kura, kwa kuwa kula hakupigwi. Muktadha humwokoa.

Sauti inayostahili jasho letu ni h. Kiganda hakina sauti hii katika maneno yake ya kawaida. Mwanafunzi husema "abari" na sisi hutabasamu. Lakini katika Kiswahili h imebeba mzigo wa kukanusha. Katika wakati uliopo tunapata msaada: anasoma na hasomi hutofautiana mwanzoni, katikati na mwishoni. Katika wakati uliopita pia: alisoma na hakusoma havifanani. Lakini katika wakati ujao, nafsi ya tatu umoja, tofauti yote iko katika pumzi moja ya mwanzo: atasoma, hatasoma; atakuja, hatakuja; atapandisha, hatapandisha. Mwanafunzi wetu katika lugha yake amezoea ukanusho wenye konsonanti nzito. Anasema asoma na tasoma, na ile t haimponyoki mtu. Kiswahili kinamletea pumzi, na pumzi humpita.

Sasa tulitazame jambo hili kwa upande wa matumizi. Ahadi zote hutolewa katika wakati ujao. Mgombea atajenga au hatajenga, tajiri atalipa au hatalipa, shahidi mahakamani atasema au hatasema. Yaani pale hasa ambapo msikilizaji anahitaji kuwa macho kuliko pengine popote, ndipo sikio letu lilipo dhaifu kuliko pengine popote. Na muktadha haumwokoi mtu, kwa sababu ahadi ya kufanya na ahadi ya kutofanya zote mbili huleta maana. Wanafunzi wetu walisikia "atapandisha karo" kwa sababu sauti iliwapita, na pia kwa sababu maisha yamewazoesha kwamba karo hupanda. Waliposhindwa kusikia, walijaza pengo kwa kile walichokitarajia. Kosa la sikio na kosa la kupima lilikuwa kosa moja.

Baada ya maneno, uzito wake

Mfano wetu wa pili hatukuubuni. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kwamba somo hilo liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Habari ilienea siku chache kabla ya tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO ilikuwa imeitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Walimu wa Kiswahili tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tulijiuliza wangapi kati yetu walisikiliza.

Msikilizaji makini angeuliza mambo matatu. La kwanza: je, hili ni jipya? Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, na tangu wakati huo inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. La pili: sentensi ile ya Katiba inaishia wapi? Inaishia kwa kusema kwamba lugha hiyo itatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Wengi husikia mwanzo wa sentensi, yaani "lugha rasmi ya pili", wakaondoka kabla ya mkia wake. La tatu: kitenzi ni kipi? Kuidhinisha, kuelekeza, kupendekeza, kutunga na kutekeleza ni vitenzi vitano tofauti, na kila kimoja kina ofisi yake, bajeti yake na muda wake. Kati ya kuelekeza kwamba somo liwe la lazima na kumwona mwalimu amesimama mbele ya darasa kuna safari ndefu. Ni kweli kwamba katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Lakini hata hapo, neno "lazima" katika mtaala halijazi kiti cha mwalimu kilicho wazi.

Hatusemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Tunayasema kwa sababu tumewaona vijana waliochagua Kiswahili kwa kusikia kichwa cha habari, wakitarajia kwamba wakihitimu ajira zitakuwa zinawasubiri. Kijana aliyesikiliza mkia wa sentensi naye huenda akachagua Kiswahili, na tungependa achague. Tofauti ni kwamba yeye atakuwa amejua anachokwenda kukipigania.

Sauti na hukumu

Kuna ugumu mwingine ambao ni wetu Waganda zaidi kuliko wenzetu wa pwani. Hapa kwetu Kiswahili kimehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kitumike zaidi shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa waliopinga. Baadaye lugha hii ikaonekana zaidi kama lugha ya kambi za askari. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa mji huu tangazo hilo liliifunga lugha na utawala wake. Mzee aliyeamrishwa kulala chini kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani hawezi kulaumiwa kwa kuisikia amri hata katika salamu.

Lakini tukiwa wasomi tunapaswa kujua kwamba hiyo si hadithi yote. Katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere, hapa hapa Kampala. Na leo Kiswahili kinachozungumzwa mjini mwetu kina sauti nyingi: cha wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, cha wafanyabiashara Wasomali wa Kisenyi, cha madereva wa malori na mabasi ya Nairobi. Mwanafunzi wetu akimsikia Mkongo akisema "batu banasema" hucheka, na akishacheka ameacha kusikiliza. Cha ajabu ni kwamba yeye, mwenye abantu katika lugha yake, ndiye aliyestahili kumwelewa Mkongo upesi kuliko mtu wa Unguja. Kuitambua lahaja ni jambo moja. Kuipima hoja ya msemaji ni jambo jingine. Asiyetenganisha hayo mawili humwamini mwongo mwenye lafudhi nzuri.

Hotuba moja ya kuijaribia

Tunapendekeza kwa darasa lolote la Kampala hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, aliyoitoa baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera. Rekodi yake ni rahisi kupatikana na Kiswahili chake ni safi. Zaidi ya hayo, hotuba ile inatuhusu: vita alivyovitangaza viliufikia mji huu tarehe 11 Aprili 1979.

Watu wengi wanakumbuka kwamba Nyerere alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Zoezi la kwanza ni jepesi. Mwulize mwanafunzi yalitajwa kwa mpangilio gani, kisha msikilize rekodi pamoja. Watu huyanukuu kwa mipangilio tofauti, na wote husema wameyasikia. Hatutoi jibu hapa, rekodi ipo.

Zoezi la pili ni la kisarufi na la kisiasa kwa pamoja. Kitenzi kinachorudiwa ni kumpiga. Kiambishi cha mtendwa ni m, cha mtu mmoja. Msemaji angeweza kutumia wa, akatutia sote ndani. Kwa silabi moja alimtenga Amin na watu wa Uganda. Mwanafunzi anayekisikia kiambishi hicho amefika mahali ambapo sarufi ya darasani inaanza kufanya kazi nje ya darasa.

Zoezi la tatu linakwenda mbali zaidi. Ni nani anayeambiwa? Msikilizaji wa kwanza ni Mtanzania, lakini kuna mahali msemaji anaigeukia dunia, na kuna mahali anawageukia marafiki wanaotaka suluhu. Mganda hakuitwa. Alisikiliza kama jirani anayesikia ugomvi kupitia ukuta. Je, kutoitwa kwake kunamfanya asikie nini ambacho wengine hawakukisikia?

Na zoezi la nne ni la kupima maneno kwa matukio. Kiambishi kilimtaja mtu mmoja, lakini vita vilipofika mwaka 1979, miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa vibaya, na nyumba zilizobomoka hazikuwa za Amin. Msikilizaji anayeiheshimu hotuba hii, kama tunavyoiheshimu sisi, hana budi kuyashika yote mawili: uangalifu wa msemaji katika kuchagua kiambishi, na nyumba za Masaka. Akishika la kwanza tu, amekuwa mshangiliaji. Akishika la pili tu, hakuisikiliza hotuba.

Tunachopendekeza

Hatudai vifaa vya gharama. Simu yenye rekodi na kipaza sauti kidogo vinatosha. Mapendekezo yetu ni haya.

Kwanza, kila mwanafunzi awe na daftari la kusikiliza lenye safu mbili: "nilichosikia" na "nilichofikiri". Ile hasira ya wazazi ingekuwa katika safu ya pili, na mwenyewe angeiona.

Pili, rekodi isikilizwe mara tatu, kila mara kwa kazi yake: mara ya kwanza kupata habari, mara ya pili kukamata sauti zenye hatari, hasa h ya ukanusho, na mara ya tatu kupima.

Tatu, maswali ya kupima yawe manne na yasibadilike mwaka mzima, hadi yawe mazoea: Amesema nini hasa? Anamwambia nani? Amejuaje? Ameacha nini?

Nne, habari moja isikilizwe kutoka vituo viwili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Zikiwekwa pamoja na habari za redio za hapa nyumbani, mwanafunzi ataona jinsi tukio moja linavyoanzishwa kwa sentensi tofauti, na nani anayepewa nafasi ya kusema.

Tano, majibu yatolewe kwa mdomo angalau nusu ya muhula, ili sikio lipimwe bila kuadhibiwa kwa tahajia.

Tulirudia zoezi la karo mwishoni mwa muhula kwa rekodi mpya, na hatutasema kwamba kila mtu alifaulu. Lakini safari hii mwanafunzi mmoja aliinua mkono kabla hatujauliza lolote, akasema: "Samahani mwalimu, naomba turudie pale. Amesema atalipa au hatalipa?" Tulirudisha rekodi nyuma. Darasa zima lilinyamaza kusikiliza silabi moja.